Mkono Uliokaa Kimya

Kliniki ya watoto pale Kagio, miaka hiyo ya sabini, ilikuwa chumba kimoja chenye baraza la mabati, na mizani iliyoning'inizwa kwenye boriti kama ile ya kupimia kabichi sokoni. Akina mama walikaa kwenye mabenchi wakingoja zamu, na wakingoja walikuwa na mchezo wao: kupandisha mikono ya nguo za watoto na kulinganisha mabega.

Kila mtoto aliyezaliwa hospitalini alichomwa sindano ya kukinga kifua kikuu kwenye mkono, karibu na bega. Baada ya wiki kadhaa kipele huota pale, kikaiva, kikapasuka, kikakauka na kuacha kovu la mviringo. Mimi ninalo. Bila shaka na wewe unalo. Akina mama walikichukia kile kipele kwa sababu kilimnyima mtoto usingizi, na mtoto akawanyima wao.

"Hebu nione huyo wako," mmoja alimwambia dada yangu.

Dada yangu alipandisha nguo ya mwanawe. Mkono ulikuwa laini kama siku alipozaliwa.

"Ati hakuvimba?"

"Hata kidogo."

"Na alidungwa lini?"

"Wakati mmoja na huyo wako."

"Wangu alitoa usaha mpaka blanketi ikanuka! Huyu ako na damu safi. Huyu atakuwa askofu."

"Askofu gani na hivyo alivyo mnene wa mashavu? Huyu ni chifu."

Benchi zima lilicheka, na dada yangu akacheka nalo. Sikuwa nimemwona akicheka tangu tulipomzika mvulana wake wa pili. Wa kwanza alikufa kabla hajajua kukaa. Wa pili alikaribia kutambaa. Wote wawili walianza na utando mweupe mdomoni usiokubali dawa, kisha kikohozi, kisha kuhara, kisha wakawa wepesi mikononi kama vikapu vitupu. Kati yao alizaliwa msichana, na huyo hakuwahi kuugua zaidi ya mafua. Sasa alikuwepo huyu wa tatu wa kiume, mwenye mashavu, mtulivu, ambaye watu wote wa nyumba ile walimtazama kwa namna unavyotazama maziwa yakiwa karibu kuchemka.

Mimi nilikuwepo pale kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na nilikuwa nimepewa kazi ninayoiweza, yaani kubeba mfuko. Niliutazama ule mkono laini. Sikusema kitu. Kwa mtu niliyekuwa wakati huo, kutosema kitu kulikuwa dalili mbaya.

Maana nilikuwa mtu wa kuudhi. Nilikuwa na shahada ya zuolojia, suruali iliyopanuka chini kiasi cha kufagia njia, na tabia ya kueleza mambo ambayo hakuna aliyeuliza. Nilifundisha biolojia katika shule moja ya sekondari karibu na Kiganjo. Asubuhi zetu huko zilianza kwa filimbi za makurutu wa polisi, ng'ambo ya mashamba, na nikafanya ujanja wa walimu wote wavivu: nikaiingiza filimbi ile kwenye somo.

Niliwaambia wanafunzi hivi. Ndani ya uboho wa mifupa yetu huzaliwa seli ambazo hazijui lolote. Kabla ya kuwa askari wa mwili, baadhi yake husafiri hadi kwenye tezi moja laini iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, iitwayo thaimasi. Hicho ndicho chuo chao. Huko hakuna ubao wala chaki. Kuna ishara tu. Seli hugusana, na katika kugusana huulizana kwa kemikali: hiki ni cha kwetu au cha kigeni? Inayojibu vibaya huamriwa ife, nayo hutii. Hujikunja na kufa bila kelele. Wengi mno wanaoingia katika chuo hicho hawatoki.

Wale wachache wanaotoka nao hawaamki ovyo. Mmoja wao anaweza kumwona adui uso kwa uso na bado asifanye kitu, mpaka apate ishara ya pili, mguso wa seli nyingine unaothibitisha kwamba hatari ni ya kweli. Akipata zote mbili huamka, hupiga mbiu yake mwenyewe ya kemikali, na wengine wakisikia huongezeka, huvimba, hukusanyika. Kile kipele cha begani ndicho hicho. Si ugonjwa. Ni zogo la askari walioitwa na wakaitika.

Darasani sikuwahi kuuliza itakuwaje kama filimbi imepulizwa na makurutu wote ni viziwi. Halikuwa swali la mtihani.

Nilijifariji kwamba sindano ilidungwa vibaya, au dawa iliharibika kwa joto. Lakini mwalimu wa biolojia akishaanza kujifariji, huyo anajua. Nilipanda kwenda kwa mama, juu ya mji wa Nyeri, nikamkuta uani akichambua maharagwe. Nilimuuliza kama aliwahi kuwa na kaka.

"Niliwahi," akasema. "Sikuwaona wakikua. Walizaliwa wakarudi."

"Wote?"

"Wavulana wa nyumba ya mama yangu hawakuwa wa kukaa."

"Na dada zako?"

"Si unawajua? Hao hata njaa iliwashindwa." Aliacha kuchambua. "Mbona unauliza habari za wafu?"

"Ni za shule."

"Shule gani hiyo inafundisha watoto wafu?"

Nilikaa pale juu ya ndoo iliyopinduliwa nikaipanga familia yangu kichwani kama nilivyokuwa nikiwapangia wanafunzi njegere za kijani na za manjano katika somo la urithi. Kulikuwa na kitu kilichotembea kwa wanawake wetu bila kuwagusa, kikawapitia tu, kikashukia wana wao wa kiume. Si wote; nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi, na binti naye, kwa shilingi hiyo hiyo, hukirithi akakibeba bila kuugua. Mimi ndiye shilingi iliyoanguka upande wa pili. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikidhani nimefika nilipofika kwa bidii.

Miaka mingi baadaye ndipo nilisoma kwamba katika ukoo wa namna hiyo seli za mtoto hukosa kipokezi, yaani sikio dogo kwenye ngozi ya seli linalopokea mbiu. Mbiu inapigwa, kila kitu kingine kipo, ila sikio halipo, na hivyo chuo hakipati hata mwanafunzi. Wakati ule sikujua habari za sikio. Nilijua ukimya tu.

Nilirudi Kagio nikamweleza dada yangu nusu. Nilisema mtoto hana kinga, na pumzi ya kila mgeni ni hatari kwake. Sikumwambia hali hiyo inatoka wapi.

"Na wale wengine?" aliuliza. Alikuwa akimnyonyesha.

"Nafikiri hivyo hivyo."

"Unafikiri au unajua?"

"Nafikiri sana."

Aliinuka na mtoto bado akiwa kifuani, akaenda akatia komeo mlangoni. Sikuwahi kutoa ushauri uliofuatwa haraka namna hiyo, na haukunipa raha.

Sasa, kwetu mtoto akizaliwa hatazamwi na mama yake peke yake. Wanawake wa jirani hupanga siku, huja kwa kundi na mizigo ya kuni, uji, ndizi na viazi, na kila mmoja lazima ampakate mtoto, amsifu, ampulizie na baraka. Walikuja. Walikuta komeo. Dada yangu alizungumza nao kupitia dirishani, akasema mtoto ana mafua.

"Mafua ya mwezi mzima?" sauti moja ikauliza nje. "Huko ndani kuna mtoto ama kuna dhahabu?"

"Mwache, anaogopa macho yetu. Ati sisi ndio tuna jicho baya."

"Basi uji tumwagie nani? Kuku?"

Mama mkwe wake, ambaye sote tulimwita Cucu, kwa maana ya bibi, alikuwa mwanamke mdogo wa mwili mwenye sauti ya mtu mkubwa. Aliketi juu ya mzigo wa kuni nje ya ule mlango na hakuondoka mpaka jua likageuka. Hakubisha hodi tena. Alikaa tu, akatazama komeo. Mjukuu alikuwa wa mwanawe, na alikuwa ameitwa kwa jina la baba yangu, kwa hiyo nyumba mbili nzima zilikuwa zimefungiwa nje.

Mtoto alipoanza kikohozi tulimpeleka hospitali kubwa mjini, mimi, dada yangu na mumewe, shemeji yangu mfanyabiashara wa nyanya, mtu mwema aliyeamini kwamba tatizo lolote ni suala la kufika mapema. Dada yangu alimfunga mwanawe kwa leso mpaka puani. Kifua kilipigwa picha. Daktari aliiinua dirishani, akatabasamu.

"Kifua kisafi. Sioni kitu."

"Nilijua!" Shemeji alinipiga mgongoni. "Si nilikuambia? Ni hewa ya jioni tu."

Niliitazama ile picha. Kifua cha mtoto mchanga hakipaswi kuwa kisafi namna hiyo. Juu ya moyo, katikati, panatakiwa kuwa na kivuli kipana, kwa sababu tezi ile kwa mtoto, ukilinganisha na mwili wake, ni kubwa kuliko itakavyokuwa maishani mwake mwote. Pale palikuwa patupu. Ndiyo picha iliyonitisha kuliko zote nilizowahi kuona, na haikuwa na kitu.

"Daktari," nikasema, "kivuli cha thaimasi kiko wapi?"

Aliiinua tena. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza.

"Wewe ni daktari?"

"Ni mwalimu wa biolojia."

"Ungefundisha jiografia ungelala vizuri zaidi," akasema, lakini hakuwa akitania. Alimchukua mtoto kwa dada yangu, akamvua, akapapasa kwapa la ule mkono laini. Vidole vyake vilisimama. Aliniita nipapase na mimi. Palikuwa na uvimbe kama punje ya harage.

Alinieleza pembeni, kwa sauti ya chini, kama watu wawili wanaokubaliana bei. Sindano ile ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Kwa mtoto mwenye askari, ni mazoezi. Kwa mtoto asiye na askari, vijidudu dhaifu si dhaifu tena; hutembea polepole, hufika vinakotaka. Angetuandikia dawa za kifua kikuu. Alikuwa amesikia kwamba ng'ambo wamejaribu kuhamisha uboho kutoka kwa ndugu wa mtoto, na wengine wamepona.

"Ana dada," nikasema upesi. "Mzima kabisa."

"Ng'ambo, mwalimu. Nimesema ng'ambo."

Njiani kurudi shemeji aliimba. Alikuwa amesikia sentensi ya kwanza ya daktari na hakuona haja ya kusubiri nyingine. Dada yangu alikuwa amenitazama usoni tangu tulipotoka. Tulipofika nilimwambia, tukiwa tumesimama jikoni, na mlango ukiwa bado na komeo lake.

"Kwa hivyo nimefunga mlango," alisema, "na kitu kiko ndani."

"Kimekuwa ndani tangu wiki aliyozaliwa."

"Na aliyekiweka?"

"Alifanya kazi yake sawasawa. Amewakinga watoto wote wa benchi lile."

"Wote," alirudia, akaenda kukoroga chungu ambacho hakikuwa na haja ya kukorogwa.

Baada ya hapo mambo yalichukua njia ambayo hakuna profesa wangu aliyenitayarishia. Nilikuwa nyumbani kwangu Kiganjo Jumamosi moja nikisahihisha madaftari, nikasikia mlio wa mbuzi mlangoni. Shemeji yangu alikuwa amesimama pale pamoja na mzee wa ukoo wao, na kati yao mbuzi dume mwenye kamba mpya.

Nikawakaribisha chai. Mzee alikataa kukaa mpaka aseme lililomleta.

"Mjomba," alianza, na kwa neno hilo nikajua. Kwetu kaka wa mama ana sauti juu ya watoto wa dada yake. Akiwa amenyimwa haki yake wakati wa posa, au akaguswa moyo vibaya na asiseme, ule uchungu wake huwakalia watoto. Huenda hata yeye mwenyewe hajui kwamba anao. Unafanya kazi peke yake. "Mjomba, tumezika wawili. Sasa mlango umefungwa, na waliouona umefungwa wanasema ni wewe uliyetaka ufungwe. Kama kuna kitu ulinyimwa, tumekileta. Kama ni kikubwa kuliko hiki, sema."

Nilicheka. Hakuna aliyecheka nami. Watu wazima wawili na mbuzi mmoja walikuwa wakinitazama, na katika wote watatu ni mbuzi tu aliyeonekana kuwa na shaka.

Nilianza kueleza seli. Nilifika kwenye uboho wa mifupa, nikaona uso wa shemeji yangu, nikaacha. Jambo lililonitia ubaridi ni kwamba walikuwa wamekosea kidogo tu. Walikuwa wamefuata kifo nyuma, hatua kwa hatua, bila picha wala darubini, na wakafika upande wa mama. Wamesimama kwenye mlango sahihi. Walichokosea ni mtu wa kumpa mbuzi.

"Mnataka nifanye nini?" niliuliza.

"Uje Jumapili baada ya kanisa," mzee alisema. "Umpakate. Umtemee baraka kifuani, useme hakuna neno moyoni mwako."

Kwa hiyo mimi, niliyekataza hata pumzi, ndiye niliyeombwa mate.

Niliikokotoa wiki nzima. Nikikataa, na mtoto afe, nitakuwa nimemuua mbele ya watu wa Kagio wote. Nikikubali, huenda nikamuua kweli. Nilipiga mswaki Jumapili ile kama mtu anayesugua sufuria lililoungua, na nilijua, hata nilipokuwa nikisugua, kwamba ni upuuzi.

Nilipokaribia nyumba nilisikia nyimbo. Kisha nikaona mlango. Ulikuwa wazi, umeegemezwa jiwe usijifunge. Kuni zilikuwa zimerundikwa ukutani, wanawake wamejaa ndani hadi barazani, uji unapita kwa vibuyu, na mtoto alikuwa akipita pia, mkono hadi mkono, leso imeteremka kutoka puani, wanamsifu mashavu ambayo hayakuwepo tena.

"Mjomba amefika!" mtu akapaza sauti. "Amekuja kwa wakati, mtoto amepona, mlango umefunguka!"

Nilimtafuta dada yangu nikamkuta nyuma, penye moto.

"Umefungua," nikasema.

"Nimefungua."

"Unajua wanafikiri amepona."

"Waache wafikiri." Alipuliza moto, akasugua macho kwa mkono. "Hajawahi kubebwa na mtu mwingine. Nilitaka abebwe."

Cucu ndiye aliyenikabidhi mtoto. Aliwekwa mikononi mwangu naye akanitazama kwa utulivu ule ule ambao benchi la kliniki liliuita damu safi. Nilipitisha mkono chini ya kwapa lake kumshika vizuri, na lile harage lilikuwa sasa yai dogo, la moto. Nilitema mate kidogo kifuani mwangu, kisha, kwa sababu Cucu hakuniondolea macho, kifuani mwake. Nilisema hakuna neno moyoni mwangu. Nilisema akue, ale, azidi. Sauti yangu ya darasani ilinikimbia kabisa. Ilitoka nyingine ambayo sikuijua.

"Kutoka moyoni, mjomba?" Cucu aliuliza.

"Kutoka moyoni."

Wakasema amina, wakaimba tena.

Alikufa kabla ya watu wa tambarare kuvuna mpunga. Tulimzika kando ya kaka zake. Jioni hiyo waombolezaji walipopungua, Cucu aliniita nikae karibu naye uani. Shemeji yangu alikuwa ameinama kwenye kigoda. Dada yangu alikuwa akisugua masufuria ya msiba, na mgongo wake ulikuwa kwetu.

"Mjomba, wewe hatukulaumu," Cucu alisema. "Nilikuangalia mdomo siku ile. Ulisema ukweli."

"Asante, Cucu."

"Basi ni kitu kingine. Wewe umesoma mpaka mwisho. Hii kitu inatoka wapi?"

Sauti ya kusugua ilikoma. Dada yangu hakugeuka. Shemeji aliinua kichwa. Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza swali nililokuwa na jibu lake kamili namna ile. Jibu lilikuwa hatua chache kutoka nilipoketi, limejaa povu la sabuni hadi viwikoni.

"Inatoka kwa hewa," nikasema.

"Hewa."

"Hewa ya huku chini. Joto, na maji yanayosimama mashambani. Wavulana wengine hawaivumilii." Nikaongeza maneno mawili matatu ya kisayansi juu ya unyevu, kwa sababu sijui kudanganya kwa kifupi.

Cucu alitafakari. Kisha akakubali kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kitu cha kushika.

"Nimesema siku zote hapa kuna joto baya," alisema. "Basi huyu msichana tuliyebaki naye hatazalia hapa. Akifika umri tutamtafutia mume huko juu kwenu, Nyeri, penye baridi. Azae wavulana huko, na watakaa. Unaonaje, mjomba?"

Shemeji alinitazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikuwa umelegea. Nyuma yetu kusugua kulianza tena, polepole, sufuria lile lile.

"Ni wazo zuri, Cucu," nikasema.